Kabla ya Kulipia Warsha ya Uandishi Nairobi, Soma Wasifu wa Mwalimu

Bango la warsha ya uandishi hapa Nairobi huwa na picha tano au sita za wakufunzi, na chini ya kila picha maneno machache: mwandishi aliyetuzwa, mhariri mwenye tajriba, mtaalamu wa uchapishaji, kocha wa waandishi. Wengi hutafuta jina kubwa, wakatuma ada kwa M-Pesa, kisha wakafika ukumbini na swali ambalo mwenye jina hilo hana jibu lake. Nawaandikia wanaojinyima ili walipe ada hiyo. Kazi aliyoifanya mkufunzi kwa miaka mingi ndiyo inayoonyesha anaweza kukufundisha nini, na mara nyingi kazi hiyo hufahamika kwa kusoma wasifu wake taratibu.

Tuanze na tuzo, kwa kuwa ndizo zinazovuta macho. Tuzo ya Caine, ya waandishi wa Kiafrika, hutolewa kwa hadithi fupi moja iliyokwisha kuchapishwa kwa Kiingereza, na urefu unaopendekezwa ni kati ya maneno 3,000 na 10,000. Wakenya watano wameishinda: Binyavanga Wainaina mwaka 2002, Yvonne Adhiambo Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018 na Idza Luhumyo 2022. Mtu aliyefika huko kwa hadithi fupi anajua kubana, kuingia katika tukio akiwa amechelewa na kutoka mapema, na kuuacha mwisho wazi bila kumwacha msomaji gizani. Kama tatizo lako ni riwaya ya kurasa 300 inayolegea katikati, muulize kwanza kama ameandika riwaya.

Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili na hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Aliyeshinda kwa mswada aliutengeneza bila mhariri wa kampuni, kwa hiyo ana mengi ya kukufunza kuhusu kujihariri: kuandika upya mara ya tatu na ya nne, kutupa sura nzima, kuwatafuta wasomaji wa awali wasiokuonea haya. Tuzo ya Jomo Kenyatta, inayosimamiwa na Chama cha Wachapishaji cha Kenya, hutolewa kwa vitabu vilivyochapishwa. Nyuma ya mshindi wake kuna mhariri aliyeushika mswada huo. Muulize mhariri alibadilisha nini, naye akikubali kuonyesha kurasa mbili kabla na baada ya kuhaririwa, utakuwa umepata somo ambalo ni vigumu kulipata kwingine.

Kisha kuna mhadhiri. Katika warsha za Kiswahili wahadhiri ni wengi, na tuna deni kwao, maana bila idara za vyuo vikuu fasihi yetu ingekosa wa kuihifadhi na kuijadili. Lakini uhakiki ni kazi moja na utunzi ni nyingine. Mhakiki huanza na kitabu kilichokamilika na kukifumua, ilhali mtunzi huanza na ukurasa mtupu. Mhakiki akifundisha utunzi bila kuugeuza mtazamo wake, wanafunzi huondoka na orodha ya tashbihi, tashihisi, takriri na methali, wakarudi nyumbani kuzipachika kila aya. Ndiyo sababu miswada mingi ya waandishi wapya ina wahusika wanaosema kama insha ya mtihani: mama anamwita mwanawe ale, na sentensi yake ina methali mbili. Tafuta mhadhiri ambaye pia ametunga. Marehemu Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, ni mfano mzuri: alisoma habari kwenye televisheni, akaandika riwaya, akafundisha chuo kikuu Marekani. Mtu wa aina hiyo anaweza kukueleza jinsi lugha inavyosikika kwa masikio kabla hujaiandika.

Kwa maoni yangu, mhariri wa kampuni ya uchapishaji ndiye mkufunzi anayepuuzwa zaidi, naye ndiye anayefaa kulipiwa kwanza. Henry Chakava, aliyefariki Machi 2024, hakujulikana kwa riwaya. Alianza kama mhariri wa Heinemann, kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na chini yake kampuni hiyo ikaja kumilikiwa na Wakenya na kubadilishwa jina kuwa East African Educational Publishers mwaka 1992. Mtu wa kazi hiyo amesoma miswada mingi mibovu kuliko mwandishi yeyote, na anajua inapovunjika.

Ila cheo cha “mhariri” kinaficha kazi tatu tofauti. Yupo anayeteua miswada na kuitetea mbele ya mkutano wa kampuni, ambako mtu wa mauzo na mtu wa fedha nao wana kura. Yupo anayesafisha lugha na mtiririko wa mswada uliokwisha kukubaliwa. Yupo anayesoma prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa, kutafuta makosa ya mwisho kabla ya kitabu kwenda mtamboni. Wote ni muhimu, lakini ni wa kwanza tu anayejua kwa nini mswada wako ulikataliwa. Swali la kumtambua ni hili: ni kitabu gani kilichotoka kwa sababu wewe ulikichagua kutoka rundo la miswada iliyotumwa bila kualikwa? Aliyefanya kazi hiyo hujibu papo hapo na kutaja kitabu.

Mhariri wa namna hiyo akipewa kikao cha saa moja na nusu, mwombe alete ripoti ya msomaji wa mswada, majina yakiwa yamefutwa. Kampuni nyingi hutuma mswada kwa msomaji wa nje, naye huandika ripoti fupi: hadithi inahusu nini, inamfaa nani, lugha ikoje, inashindana na vitabu gani, ichapishwe au la. Ukiiona ripoti moja halisi, utaacha kuamini kwamba mswada hukataliwa kwa chuki. Mwombe pia apitie muhtasari wa ukurasa mmoja. Kosa linalojirudia ni kuandika muhtasari kama tangazo la nyuma ya jalada, unaoishia “je, atafaulu?” Mhariri anataka kujua mwisho, kwa sababu hapo ndipo anapopima kama mwandishi anaweza kuifunga hadithi. Mambo ya umbo yanahitaji dakika tano tu: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, nambari kwenye kila ukurasa, jina lako na jina la mswada juu.

Angalia pia mhariri alifanya kazi wapi na lini. Soko la vitabu la Kenya hubebwa na vitabu vya shule, na vitabu vya shule hupitia idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Mhariri aliyelelewa huko atakufunza vizuri sana hadithi za watoto zilizopimwa kwa gredi: urefu wa sentensi, msamiati wa umri, picha ngapi, mambo ambayo walimu watayapinga. Ukimpelekea riwaya ya watu wazima yenye lugha ya mtaani, huenda akakushauri uisafishe mpaka ife, na si kwa ubaya. Miaka nayo ina maana. Mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada kwa wachapishaji na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, jambo lililoyapiga sana maduka ya vitabu. Mwaka uliofuata mtaala wa umilisi ukaanza kutekelezwa katika madarasa ya chini. Aliyeondoka kwenye kampuni kabla ya hapo anaweza kukufunza uhariri vizuri kabisa, lakini picha yake ya soko ni ya zamani.

Kikao cha mtu wa mauzo huwa na viti vitupu, nami huhuzunika nikiviona, kwa sababu hapo ndipo pesa za mwandishi zinapoelezwa. Mwambie akufanyie hesabu hii ubaoni. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 800 dukani na duka linakata asilimia 35. Shilingi 280 ni za duka, 520 zinamfikia mchapishaji. Mkataba ukisema mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 ya bei ya duka, unapata shilingi 80 kwa nakala. Ukisema asilimia 10 ya mapato halisi ya mchapishaji, unapata 52. Kwa nakala 1,000 hiyo ni shilingi 80,000 dhidi ya 52,000, na kwa mwandishi mkaazi wa Kenya kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla hujalipwa, hutolewa hapo: zinabaki 76,000 au 49,400. Asilimia ile ile, tofauti ya maneno mawili matatu kwenye mkataba. Meneja wa mauzo mkweli ataendelea na nakala zinazorudishwa na maduka, punguzo maalumu kwa wanunuzi wakubwa, na taarifa ya mauzo hutolewa mara ngapi kwa mwaka. Anayekwepa hesabu hii alikuwa labda mtu wa matangazo, ambayo ni kazi nyingine.

Mawakala wa fasihi, wanaomtafutia mwandishi mchapishaji, ni wachache hapa. Wengi wako London na New York. Kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mapato ya mwandishi katika soko la nyumbani kwao na 20 kwa haki zinazouzwa nje. Wakala halali hulipwa kitabu kinapouzwa. Akikudai ada ya kusoma mswada, toka.

Kwa anayejichapishia, uliza mambo ya mkono: alilipa nani kuhariri, alichapisha nakala ngapi mara ya kwanza, zilizobaki ziko wapi. Aliyeifanya kazi hii kweli anajua kwamba ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya, kwamba toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja linahitaji nambari yake, na kwamba mpigachapa wa Industrial Area si mchapishaji. Anajua pia kwamba hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na kwamba kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hukupa ushahidi ukiibiwa.

Hapa pia ndipo wanapojificha wale ninaowahofia: makocha ambao kitabu chao pekee ni kile cha kufundisha wengine kuandika vitabu, wanaouza kifurushi cha “mwandishi ndani ya siku 30”. Maneno “namba moja Amazon” yasikutishe. Orodha hizo zina vitengo vidogo vidogo vingi na hubadilika kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo mauzo machache ya siku moja yanaweza kumpandisha mtu kileleni kwa saa kadhaa. “Amefanya kazi na” kampuni fulani nako kunaweza kumaanisha aliajiriwa, au aliwauzia huduma mara moja.

Kuhakiki wasifu huchukua alasiri moja. Nenda Maktaba ya McMillan pale Banda Street, au duka la vitabu, au maonyesho ya vitabu Sarit Centre, ukishike kitabu cha mkufunzi. Fungua ukurasa wa hakimiliki: mchapishaji ni nani, mwaka gani, kimechapwa tena mara ngapi. Soma kurasa 20 ukiwa umesimama. Kama hazikushiki, huenda kikao chake nacho kisikufae, hata awe na tuzo.

Halafu waandikie waandaaji kabla ya kulipa. Uliza kama mkufunzi atasoma kurasa zenu au atahutubu tu, na mtakuwa wangapi. Kujadili kurasa za mtu mmoja vizuri kunataka angalau dakika 20. Watu 12 ni saa nne. Warsha ya saa mbili inayoahidi kuwasomea watu 30 haiwezi kutimiza ahadi hiyo, hata mkufunzi awe bingwa.

Siku yenyewe, usimkabidhi mhariri mswada mlangoni. Atauacha kwenye meza ya chai. Muulize kampuni yake hupokea miswada kwa njia gani na kwa lugha gani, andika jina la kikao, kisha ndani ya wiki moja tuma barua pepe yenye aya mbili, muhtasari, na sura tatu za mwanzo. Kwenye mstari wa mada taja warsha mliyokutana.