Ubao uleule, kompyuta inaona mbao mbili

Juzi nimekesha na ile pazo ya vigae 8, ya kusogeza namba kwenye ubao wa 3 kwa 3 mpaka zikae kwa mpangilio. Niliiandikia A*, mbinu ya kutafuta njia fupi mpaka kwenye lengo, kwa lugha ya Python, nikaiacha inatafuta nikaenda kuoga, narudi bado inatafuta, nikaweka kaunta ya kuhesabu hali (yaani namba zilivyokaa kwenye ubao) zinazofunguliwa ikapita milioni 2 na memori inazidi kujaa. Hapo ndo nikashtuka. Ubao huo una mipangilio 362,880 tu, na popote unapoanzia unaweza kufikia nusu yake, yaani 181,440. Sasa hizo milioni 2 zimetoka wapi?

Zilikuwa zilezile zinarudi. Seti ya kukumbuka hali zilizopitiwa ili zisirudiwe nilikuwa nayo, ila kila hali ilikuwa objekti ya klasi (aina ya kitu) niliyoitunga mwenyewe, na klasi ya hivyo usipoiambia chochote, Python ikikutana na == (alama ya kuuliza "ni sawa?") inaangalia kama ni objekti moja kwenye memori, haijali kilichomo ndani. Seti za Java nazo ni hivyohivyo usipoandika equals.

Nikaandika __eq__, sehemu ya klasi inayosema lini vitu viwili ni sawa, kuiendesha ikagoma, eti hali haina hashi, ile namba inayoiambia seti ikitafute kitu kwenye droo ipi, kwasababu ukiandika __eq__ peke yake Python inaiondoa __hash__, sehemu inayotoa hiyo hashi. Na mi naiunga mkono kabisa, maana vitu viwili vilivyo sawa lazima viwe na hashi moja, la sivyo seti inaenda kupekua droo nyingine na haikuti kitu.

Nikaongeza __hash__, bado kaunta inapanda! Kumbe kwenye kulinganisha nilikuwa nimeingiza na gharama ya njia (idadi ya hatua) na hali iliyotangulia, kwahiyo ubao uleule ukiufikia kwa hatua 6 na kwa hatua 10 unahesabika tofauti. Hapa ndo pa kukaa ufikirie. Swali ninalojiuliza siku hizi ni moja, je hiki kitu kinabadilisha hatua zinazowezekana kuanzia hapa? Kwenye pazo hakibadilishi, basi gharama inakaa pembeni kwenye dikshenari, orodha ya kila hali na gharama yake, na ukipata njia fupi zaidi unaisasisha. Lakini ukitafutia gari njia, kufika sehemu na lita 5 za mafuta na kufika palepale na lita 40 ni hali mbili kabisa, hapo mafuta lazima yaingie.

Mwisho klasi nimeifuta, hali sasa ni stringi tu, yaani mfululizo wa herufi kama "123456780", 0 ikiwa nafasi tupu, stringi haibadiliki ikishaingia kwenye seti na hashi inakuja nayo. Nimeipa mpangilio mgumu kuliko yote, wa hatua 31, na imeutatua.