Siku moja na thripsi wa matawi makavu

Saa 11:30 alfajiri

Kimara bado kuna giza, na kituoni watu wamejaa hadi ukingoni mwa barabara. Masika yanaelekea mwisho. Mvua ya usiku imeacha madimbwi kila mahali, na wengi wanailalamikia, lakini kwa kazi yangu huu ndio msimu wenyewe. Matawi yaliyokufa yakiwa bado yananing'inia mtini yamelowa, kuvu wameota chini ya gome, na thripsi, wadudu wadogo wembamba wanaokula kuvu hao, wamezaana.

Kwenye daladala ya Ubungo nimeketi na mzee mwenye shamba la vitunguu Ruaha Mbuyuni. Ameona kichupa mkononi mwangu, akauliza nafanya kazi gani.

"Shikamoo mzee. Nachunguza thripsi."

"Marahaba. Thripsi hawa wanaotumalizia vitunguu? Hao si wa kuchunguza mwanangu, ni wa kupuliza dawa."

Simlaumu. Thripsi anayemjua yeye ni Thrips tabaci, anayetoboa majani ya kitunguu na kufyonza maji ya seli hadi jani linabaki na mabaka ya rangi ya fedha. Nimemweleza kwamba spishi za thripsi zinazojulikana duniani zimepita 6,000 na wanaoharibu mazao ni wachache sana. Familia kubwa kuliko zote, Phlaeothripidae, ina spishi zaidi ya 3,500, na karibu nusu yake wanaishi kwa kula kuvu kwenye miti iliyokufa na majani yaliyooza. Hawagusi kitunguu wala mchicha. Ametikisa kichwa, kisha akauliza swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa: "Sasa huyo wa kwako utamjuaje na huyu wangu?" Jibu lake ndiyo kazi yangu ya leo.

Saa 1:15 asubuhi

Mlimani, kwenye vichaka nyuma ya majengo ya chuo. Natafuta tawi lililokufa ambalo halijadondoka, lenye gome linaloanza kuachia na madoa ya kuvu. Tawi lililolala chini muda mrefu huwa na utitiri na wadudu wengine tele, ila thripsi wangu wameshahama.

Naligonga tawi kwa kijiti juu ya sinia nyeupe ya plastiki, nasubiri vumbi litulie, naangalia kinachotembea. Thripsi huyu ni wa kahawia iliyoiva, urefu wake milimita mbili na ushee. Akisumbuliwa ananyanyua ncha ya tumbo juu, na wasiomjua hudhani anataka kuuma. Hana mwiba. Ile ncha ni pingili ya kumi ya tumbo, iliyojikunja ikawa bomba, na ni alama ya familia nzima. Hata mayai hayatagii ndani ya mmea kama thripsi wa kitunguu, ambaye jike ana kifaa chenye meno ya msumeno cha kuchana jani. Huyu anayaweka juujuu tu, chini ya gome.

Brashi nyembamba iliyochovywa kwenye alkoholi, mguso mmoja, yuko kichupani. Kila tawi na kichupa chake. Sharti hili silivunji hata nikiwa na haraka, kwa sababu swali kubwa ninalolikabili ni kama hawa wanaoishi pamoja ni spishi moja au mbili.

Saa 3:00

Maabara inanukia karafuu. Mgeni akiingia hudhani kuna mtu anapika pilau, lakini ni mafuta ya karafuu tunayotumia kuufanya mwili wa mdudu upitishe mwanga. Hatua zenyewe ni ndefu. Mdudu analowekwa kwenye magadi makali, sodiamu haidroksaidi ya asilimia 5, ili nyama ya ndani ilainike na kutoka. Anafunguliwa mabawa na miguu kwa sindano nyembamba. Anapitishwa kwenye alkoholi inayozidi kuwa kali hadi ile isiyo na maji kabisa, anaingia kwenye karafuu, kisha analazwa ndani ya zeri ya Kanada, utomvu angavu wa mti unaoganda kama gundi, kati ya slaidi na kioo chembamba. Baada ya hapo slaidi inakaa wiki kadhaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 40 mpaka zeri ikauke.

Mama fundi wetu wa maabara amenipokea na habari mbili. Slaidi za mwezi uliopita zimekauka, na chembe za kunyonya unyevu kwenye kabati la lenzi zimebadilika rangi, zinahitaji kukaushwa upya. Hilo la pili si dogo. Kwa unyevu wa Dar, ukizembea, kuvu huota juu ya lenzi ya hadubini na kuiharibu kabisa.

"Nimeshaziweka kwenye oveni, mwanangu, wewe endelea na wadudu wako," akasema. Bila yeye kazi hii isingesonga.

Saa 4:00 hadi saa 7:00

Kichwa. Asubuhi yote imekwenda hapa, na sijutii.

Thripsi wote, mtu mzima na lava (mtoto ambaye hajapevuka), wana taya moja tu, la kushoto. La kulia hupotea mdudu angali ndani ya yai. Taya hilo moja hutoboa, kisha sindano mbili za maksila, viungo vya mdomo vilivyo nyuma ya taya, zilizobanana zikawa mrija, huingia kwenye tundu na kufyonza. Kwa thripsi wa kitunguu sindano ni fupi. Kwa huyu wangu zimerudi ndani kabisa ya kichwa hadi usawa wa macho, zikapanda sambamba katikati, karibu kugusana. Nikishusha fokasi taratibu naziona zinavyopinda kurudi mdomoni.

Upana wa sindano unaeleza chakula. Thripsi wa nusu-familia ya Idolothripinae humeza spora, yaani mbegu ndogo za kuvu, nzimanzima, kwa hiyo sindano zao zina upana wa mikromita (elfu moja ya milimita) 5 hadi 10. Wanaofyonza maji ya nyuzi za kuvu, kama huyu, wana sindano za mikromita 2 hadi 3. Nimezipima kwa rula iliyochongwa ndani ya lenzi ya jicho, baada ya kuilinganisha na slaidi ya vipimo. Hata kama nisingejua alikutwa kwenye tawi gani, kichwa kimeshaniambia anakula nini.

Vipapasio vina pingili 8. Nahesabu vijipembe vya kunusia: pingili ya tatu ina vitatu, ya nne ina vinne, kama inavyotarajiwa kwa Hoplothrips, jenasi ya thripsi wangu, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Nyuma ya kila jicho kuna unywele mmoja mrefu. Ncha yake, iwe imechongoka au imetanuka, hutenganisha spishi na spishi, na ya huyu imetanuka kama kijiko. Nimeichora mara tatu, kwa sababu kwenye mchoro wa kwanza ilionekana butu tu, na mtu wa nchi nyingine atakayesoma maelezo yangu hatakuwa na mdudu mbele yake, atakuwa na mchoro.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, maji, kurudi.

Saa 8:15

Umeme umekatika kwa muda, nikatumia mwanga wa dirishani kupanga slaidi za madume. Mwanafunzi wangu alikuwa pembeni yangu, na ndiye aliyesema kwa sauti kile kinachomsumbua kila anayeanza.

"Mwalimu, hawa si spishi moja. Angalia miguu."

Kweli, dume mkubwa ukimwona peke yake utaapa ni mdudu mwingine. Mapaja ya miguu ya mbele yamevimba, mguuni kuna jino kubwa lililopinda, bamba la mbele la kifua limerefuka na lina mstari mnene katikati. Dume mdogo ana mapaja membamba karibu kama ya jike, na jino lake ni kinundu tu. Majike nao wana makundi mawili. Wapo wenye mabawa kamili yenye pindo la nywele, macho madogo matatu utosini, na nywele zilizopinda mgongoni za kuyashika mabawa yakikunjwa. Wapo wasio na mabawa, ambao hata yale macho madogo hawana, na nywele za mgongoni zimenyooka kwa kuwa hakuna cha kushika.

Kwa hiyo mtu mwenye haraka angepata spishi tatu au nne kwenye tawi moja. Zamani ilitokea: majina yalitolewa kwa mdudu mmoja mmoja, na dume mkubwa na dume mdogo wa spishi ileile wakapewa majina mawili. Naamini kuelezea spishi ya jenasi hii kwa kielelezo kimoja ni kuwabebesha mzigo watakaokuja.

Nimemwonyesha safu nzima. Tofauti hii si ya umri, maana thripsi akishapevuka hakui tena. Inatokana na ukubwa aliofikia akiwa lava, na mwili ukiongezeka kidogo, paja huongezeka kuliko mwili. Nimeziweka slaidi kwa mpangilio wa upana wa kichwa, kuanzia mdogo. Paja linanenepa hatua kwa hatua na hakuna mahali safu inapokatika. Bamba lenye vitundu vidogo chini ya pingili ya nane ya tumbo lina umbo moja kwa madume wote. Ncha ya unywele wa nyuma ya jicho ni ileile kwa wote, hata kwa majike wasio na mabawa.

Akauliza jino lote lile ni la nini. Mtafiti Bernard Crespi alilijibu hilo katika miaka ya 1980 kwa kuwaangalia Hoplothrips pedicularius na Hoplothrips karnyi wakiwa hai. Madume hupigania mahali majike wanapotaga, na kwa karnyi hufikia kuuana. Miguu ya mbele ndiyo silaha.

Saa 9:45

Umeme umerudi. Tumefungua visahani tunakofugia: vipande vya gome lenye kuvu, kila kisahani na jike mmoja na mayai yake. Kwenye kimoja wametoka watoto wa mama mmoja, na miongoni mwao kuna dume mwenye mapaja mapana na dume mwenye mapaja membamba. Mwanafunzi amekaa kimya akitazama, halafu akasema, "Basi, Mwalimu, nimeamini." Nilifurahi sana. Safu ya slaidi inashawishi, lakini ndugu wa tumbo moja wanathibitisha.

Saa 11:00 jioni

Ulinganisho. Hoplothrips ina spishi zaidi ya 100 duniani, na vielelezo vya wengi wa Afrika viko mbali: mkusanyo wa Hermann Priesner, mtaalamu wa thripsi wa zamani, uko jumba la makumbusho la Senckenberg, Frankfurt, na vingine viko London. Nasoma maelezo ya zamani mstari kwa mstari na picha za slaidi nilizotumiwa. Jirani wa karibu zaidi ana unywele wa nyuma ya jicho uliochongoka, na pelta yake, lile bamba dogo linaloziba mwanzo wa tumbo, ni pana kuliko ya wangu. Tofauti hizo mbili zinabaki palepale kwa wakubwa na wadogo, wenye mabawa na wasio nayo. Hizo ndizo nitakazozitegemea. Paja na jino nitazieleza kwa kirefu, lakini hazitaingia kwenye sentensi ya utambuzi.

Saa 1:00 usiku

Nimeandika aya ya utambuzi na nimechagua holotaipu, kielelezo kimoja kitakachobeba jina la spishi: jike mwenye mabawa, kwa sababu kwake alama zote zinaonekana kwenye slaidi moja. Jina silitaji hapa, kwa kuwa jina la spishi huhesabika pale tu linapochapishwa pamoja na maelezo yake kwa kufuata kanuni.

Holotaipu itabaki nchini. Hili nimelisimamia tangu mwanzo: mwanafunzi wa Dar akitaka kumwona mdudu wa Dar, asilazimike kuomba viza. Parataipu, vielelezo vingine vya spishi hiyohiyo vinavyoiunga mkono, zitakwenda London na Frankfurt, na katika kila fungu nitaweka dume mkubwa, dume mdogo na mmoja wa katikati, pamoja na jike wa kila aina. Barua ya kuomba kibali cha kuzisafirisha nimeimaliza, na kesho saa 2 asubuhi naipeleka isainiwe.