Makini kivipi?

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi foremani akatukusanya kando ya mtaro wa maji ya mvua tuliokuwa tukiuchimba Gungu, mjini Kigoma. Maagizo yalikuwa mafupi: "Vijana, udongo umelowa. Muwe makini." Akageuka aende zake.

Mchimbaji mmoja wa makamo, mzoefu wa mashimo ya choo kule Ujiji, akamwita. "Samahani mzee, makini kivipi? Kina kimefika mita mbili. Tunaingia hivi hivi au kuna mbao?"

Swali lilikuwa na kipimo, kwa hiyo halikujibika kwa "haya, haya." Mtaro ukizidi mita moja na nusu, kuta zake haziachwi wima bila kitu. Ama unazilaza ziwe mteremko, ama unazikinga kwa mbao pande zote mbili na kuzikaza kwa mirunda inayokingama katikati. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kupita tani moja na nusu, na ukilowa uzito unazidi. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kichwa kikiwa nje, maana kila akishusha pumzi udongo unabana zaidi na kifua hakitanuki tena.

Foremani akarudi. Akaulizwa la pili: kifusi kiko ukingoni kabisa, kisogezwe umbali gani? Mita moja, akasema. Watu wakatazamana, kwani tangu mwanzo kilikuwa kikirundikwa palepale kinapotupwa (mgongo unapenda hivyo, sikatai). La tatu likamkwamisha: nani ameukagua mtaro baada ya mvua? Hakuna. Akampigia simu injinia mbele yetu, jambo ambalo wasimamizi wengi huona haya kulifanya.

Injinia hakuanzia ndani. Alipita juu, akitafuta ufa unaokwenda sambamba na ukingo, akaupata upande wa kifusi, wa kuingia kidole. Akazuia mtu yeyote kushuka. Kifusi kihamishwe kwanza, kisha ukuta ukatwe na kulazwa kuanzia nyuma ya ufa, kwa kuwa mbao hazikuwapo na nafasi ilitosha. Kila kundi liwe na ngazi yake karibu, imefungwa, imepita ukingo kwa mita moja ili anayepanda apate pa kushika.

Swali la nne liliulizwa na wengi kwa pamoja: siku ya leo inalipwa? Inalipwa, akasema injinia, na hapo ndipo matoroli yakaanza kutembea.