Tulivyopanga mtaa wa kuzunguka kituo cha treni wenye mtaa wakiwepo

Watu wananiuliza sana eti tuliwezaje kupitisha plani ya mtaa mzima kuzunguka kituo cha treni bila kugombana na wakazi. Jamani tuligombana sana tu, ila tuligombana mapema, wakati mchoro bado ni wa penseli. Kazi yenyewe kwa asiyeijua ni hivi, unachukua eneo la karibu na kituo unapanga nyumba, maduka, ofisi, shule, zahanati na sehemu za kupumzikia zikae karibu karibu, ili mtu akishuka kwenye treni afike kwake kwa miguu na njiani awe kashamaliza shida zake. Kwenye karatasi inapendeza mno. Shughuli inaanza ukikumbuka kwamba hapo unapochora kuna watu wanaishi tayari.

Cha kwanza kabisa niligomea lile duara. Sisi watu wa mipango miji tumezoea kuchora duara la mita 400 kutoka kituoni tukasema hizo ni dakika 5 za kutembea, halafu lingine la mita 800 tukasema dakika 10, basi tumemaliza. Na hilo dogo tu lina kama hekta 50, sio eneo la mchezo. Sasa duara linapita juu ya mtaro, linapita juu ya ukuta wa godauni, linavuka reli popote linapotaka, binadamu hawezi. Kwahiyo tukatembea na wakazi wenyewe, kila mtu anaanzia mlangoni kwake hadi kituoni, simu inahesabu muda. Kuna mama mmoja nyumba yake ilikua ndani kabisa ya duara dogo, ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, mpaka tuzunguke ule ukuta tukatafute kivuko ilipita robo saa na zaidi. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hiyo ramani yako kaichora ndege nini?" Nikacheka, lakini nikaiandika vilevile. Tulipounganisha njia zote walizopita watu ikatoka ramani ya ajabu, kama pweza aliyekatwa mikono ya upande mmoja, na hapo ndo kila mtu akaona kwamba kabla ya kuongelea ghorofa lolote inatakiwa ipatikane njia ya kupenya ule ukuta na kivuko kingine cha reli. Vyote viwili vikaingia kama sharti la awamu ya kwanza.

Kuhusu mikutano sitaongea sana. Ukiita mkutano ukumbini siku ya kazi watakuja wenye nyumba wastaafu, watakuja wanaopenda kuongea, basi. Wapangaji hawaji, na wao ndo wengi wa wanaopanda treni kila siku. Tukaweka meza palepale kituoni asubuhi na jioni, ramani kubwa na stika, mtu anabandika panapomkera anaondoka zake. Dakika moja ya mtu anayewahi treni inakupa mengi kuliko hotuba.

Kilichogeuza mambo ni vipande vya mbao. Projekta tuliiacha, maana picha za kompyuta zenye miti ya kijani na watu wanatabasamu zinamfanya mtu aone kila kitu kimeshaamuliwa, anabaki kupinga au kunyamaza. Tukatandaza ramani mezani, kila kipande cha mbao ni idadi fulani ya nyumba, na kanuni ni moja tu, vipande vyote lazima viingie, hakuna kuficha kingine mfukoni. Ukitaka nyumba za chini tandaza, ukitaka ghorofa pandisha kimoja juu ya kingine. Kundi moja lilikua na mzee ambaye tangu siku ya kwanza kasema ghorofa hataki kuliona. Wakaanza kutandaza chini, wakatandaza wee, kiwanja cha mpira kikaisha, wakahamia uwanja wa shule, bado vipande vimejaa kwenye boksi. Kimya kidogo. Mzee mwenyewe ndo akanyanyua viwili vya kwanza akavipandisha juu ya vingine pale kituoni, akasema, "Virefu vikae huku, vikija upande wetu vishuke. Mtu asije akachungulia uani kwangu."

Nikamwambia mzee hicho ulichofanya kuna sehemu wamekifanya kweli. Arlington kule Virginia, Marekani, walivyopitishiwa reli ya chini ya ardhi, iliyofika kituo cha Ballston mwaka 1979, majengo marefu waliyabana kwenye vituo na kadri unavyosogea mbali yanapungua hadi unakuta nyumba za kawaida, dakika chache tu za kutembea. Curitiba ya Brazil nayo tangu 1974 ina njia maalum za mabasi, na maghorofa wameyapanga kufuata hizo njia. Mifano hii ningeileta mwanzoni wangesema nawaletea ya ulaya, ikija baada ya mtu kufikiria mwenyewe inasikika tofauti kabisa.

Sasa paking. Hapa ndo sauti zilipanda. Ukweli ni kwamba gari moja, ukijumlisha na nafasi ya kupita na kugeuza, inakula kama mita za mraba 25 hadi 30. Kusema haisaidii, tukachukua chaki tukachora chini hizo mita, halafu pembeni tukachora chumba na sebule kwa ukubwa uleule. Watu wakaingia ndani wakasimama, mmoja akalala kabisa kupima kitanda. Hawakukubali wote, nisidanganye, kuna mjumbe mmoja mpaka leo ananinunia, lakini mjadala ulihama kutoka "kila nyumba na paking yake" ukawa "nani anailipia". Tukakubaliana paking ikodishwe peke yake, isiingizwe kwenye kodi ya nyumba, asiye na gari asimlipie jirani.

Jambo lililonikosesha usingizi ni wapangaji. Kituo kikishakua kizuri kodi inapanda, na aliyekaa pale miaka yote kwa shida ndo anakua wa kwanza kuondoka, tena huko anakoenda hakuna treni. Ahadi za mdomo kwenye mkutano sizitaki, zinakufa na afisa akihamishwa. Tukaandika ndani ya plani yenyewe kwamba nyumba hazibomolewi hadi za kuhamia ziwe zimeshajengwa, waliokuwepo wanapewa nafasi kwanza, na sehemu ya nyumba mpya zinabaki za kodi nafuu. Mwekezaji alinung'unika. Akaruhusiwa kujenga ghorofa za ziada pale kituoni, akatulia.

Maduka ya chini nilibishana na wenzangu wa ofisini zaidi ya wakazi. Wao wanataka kila jengo liwe na duka chini, mi nasema ukifanya hivyo nusu yatabaki shata zimefungwa na vumbi juu. Tukalazimisha maduka barabara kuu na kuzunguka kituo tu, kwingine ghorofa ya chini inajengwa na dari la juu kuliko kawaida, leo mtu anaishi, biashara ikija anageuza.

Mwisho tukabandika jedwali kituoni: walichosema, tulichofanya, na kwanini. Hata kwenye "hapana" tuliandika kwanini. Idadi ya paking imebaki wazi, itaangaliwa tena awamu ya kwanza ikishahamiwa, na magari yatahesabiwa usiku wa manane yakiwa yamelala nyumbani, maana ukihesabu mchana nusu yako kazini na utadhani paking zimezidi.