Muache afute mwenyewe

Wiki yangu ya kwanza kufundisha katika shule isiyo na kengele wala mitihani ya kila mwezi, mtoto alimwaga maji nami nikakimbilia kitambaa. Mwalimu mwenzangu akanidaka mkono: "Muache." Mtoto akalitazama dimbwi, akaenda kuchukua kitambaa, akafuta, kisha akamimina upya, safari hii jagi kalishika kwa mikono miwili. Dakika kumi nzima! Jasho lilinitoka mimi.

Mwenzangu huyo ni wa Montessori damu damu, yule mama wa Kiitaliano aliyefungua shule yake, "nyumba ya watoto", Roma mwaka 1907: andaa mazingira, halafu kaa pembeni. Wa darasa la jirani ni wa John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyeanzisha shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896. Kwake hesabu zinaanzia kwenye kupima mbao za banda la sungura. Wakianza kubishana hao, chumba cha walimu hakikaliki. Mmoja anataka utulivu, mwingine anataka nyundo zilie.

Mimi bado najifunza kunyamaza. Jana mtoto kavaa viatu kinyume, nikafumbata mikono. Akatembea navyo hivyohivyo mpaka saa ya kutoka.