Ambu mkononi, hewa haiingii

Nilikuwa na miezi minne tu kwenye gari la wagonjwa. Kijana alikuwa amelala chali sakafuni, midomo ikianza kuwa ya bluu. Mapigo ya shingoni yalikuwepo. Pumzi ilikuja kwa koromo moja, kisha kimya kirefu, kisha koromo jingine. Mama yake akatutuliza: "Kifafa kimeshamwachia, wanangu. Nilimlaza mwenyewe, sasa kapitiwa na usingizi."

Mtu asiyeamka hata umfinye, naye anakoroma hivyo, hajalala. Ulimi umelegea na kurudi nyuma, unaziba koromeo.

Nililijua hilo darasani. Pale chini nililisahau nikakimbilia ambu, ule mfuko wa kukamua hewa iingie mapafuni. Nikambandika barakoa usoni, nikaikandamiza, nikakamua kwa mikono yote miwili. Pyuu! Hewa ikatokea shavuni. Nikakandamiza zaidi, na kadiri nilivyokandamiza ndivyo kidevu kilivyozidi kuzama kifuani. Nilikuwa naifunga kwa mkono wangu njia ileile niliyotaka kupitisha hewa. Kidogo iliyoingia ilishukia tumboni, na tumbo likaanza kututumka.

Mwenzangu akaja na mtungi wa oksijeni na mashine ya kufyonza. Hakunifokea. Alisema tu, "Kaka, usiushushie uso barakoa. Uinue uso uifuate."

Tukaanza upya. Kwanza mdomo: mate mazito yenye damu, maana alikuwa amejing'ata ulimi. Tukafyonza pale tu jicho linapoona, sekunde zisizofika kumi na tano, kwa sababu mrija ukifyonza mate hufyonza na hewa. Halafu kile kiplastiki kilichopinda cha kuzuia ulimi, tulichokipima nje ya uso kwanza, kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya. Kikiwa kirefu au kifupi kupita kiasi, chenyewe kinakuwa kizibo. Koo halikukishtukia, kikakaa.

Nikahamia kichwani. Kwa kuwa hakuanguka, sikuiogopa shingo, nikakirudisha kichwa nyuma. Vidole gumba viwili juu ya barakoa, vilivyobaki chini ya mfupa wa taya, nikaivuta taya juu kuelekea dari. Mwenzangu akakamua kwa mkono mmoja, polepole, sekunde moja. Kifua kikainuka. Kidogo tu, lakini kikainuka!

Ambu ya mtu mzima hubeba karibu lita moja na nusu, na yeye kwa pumzi moja alihitaji kama theluthi yake. Mimi nilikuwa nakamua kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli. Mwenzangu alihesabu kwa sauti hadi sita kati ya pumzi na pumzi, na naapa sijawahi kukaa sekunde ndefu kama zile. Mikono yote hutaka kuharakisha.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa bado kinaonyesha namba mbaya wakati midomo imeshaacha kuwa ya bluu. Huwa kinachelewa, hivyo nilibaki kukitazama kifua. Dakika chache baadaye akavuta pumzi yake mwenyewe, mwenzangu akakamua ambu pamoja naye asimpinge. Kisha kijana akataka kutapika kwa sababu ya kile kiplastiki. Tukakichomoa haraka, tukamgeuza ubavu.

Mama yake akainama, akamsikiliza. "Mbona sasa hakoromi tena?" akauliza, kwa hofu.

"Sasa ndiyo anapumua, mama."