Kabla hujampeleka mtoto advansi ya sayansi, omba uone daftari la praktiko

Mpwa wangu kamaliza sekondari ya kawaida, sayansi kafaulu vizuri, na kama ilivyo desturi ya ukoo wetu kila mtu ghafla akawa mtaalamu wa elimu. Shangazi yake mmoja anasema apelekwe ile shule yenye bango kubwa, mwingine anasema apelekwe mbali ili atulie, baba mtu anauliza ada tu hana swali lingine, na dadaangu akanipigia saa nne usiku akasema we si ndo ulisoma sayansi, basi mchukue mwenyewe mkazizungukie hizo shule afu mniletee jibu. Ndo hivyo jumamosi zangu nne zikaenda. Na kwa kuwa tangu hapo kila mwenye mtoto wa rika hilo ananiuliza maswali yale yale, naandika hapa mara moja nipumzike.

Nikisema advansi namaanisha ile miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Kila nchi ina jina lake, wengine kidato cha tano na sita, India ni darasa la 11 na la 12, Uingereza ndo A-level, ila kibano ni kile kile: masomo yanapungua idadi yanaongezeka uzito, na mtoto aliyezoea kupata tisini bila jasho anafanya jaribio la kwanza la fizikia anarudishiwa karatasi ina thelathini na nne, anadhani wamechanganya majina.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe maana ndo ulionifanya niangalie nilichoangalia. Mimi nilichagua shule kwa matokeo. Yalikuwa mazuri kweli, sidanganyi, majina ya waliofaulu yamebandikwa getini huwezi kuingia bila kuyasoma. Taitresheni ya kwanza, lile jaribio la kemia la kudondoshea kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi ibadilike, tukawekwa sita kwa bureti moja, ule mrija mrefu wenye vipimo na bomba chini. Kuna jamaa anajiamini akashika bureti, mwingine akashika flaski anatikisa, mimi mwandiko wangu ulikuwa mzuri nikapewa ukatibu, yani wao wanasoma namba mimi naandika. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Miaka miwili nikawa katibu wa kikundi, kemia naijua kwa kuandika namba za wenzangu.

Siku ya mtihani wa praktiko, yani wa vitendo maabara, kila mtu na bureti yake, peke yake. Aisee. Sikujua kama bureti inasuuzwa kwanza na kile kimiminika kitakachoingia humo, nikasuuza na maji nikaendelea. Sikujua tone la mwisho linalobaki kwenye ncha ya pipeti, ule mrija wa kupimia na kuhamishia kimiminika, halipulizwi, mi nikapuliza kama filimbi. Ile fenolifthalini, dawa ya kubadilika rangi, ukifika mwisho inatakiwa ikupe pinki hafifu, ile unayoiona vizuri ukiweka karatasi nyeupe chini, ya kwangu ilikuwa pinki ya kucha. Tunataka majibu mawili yanayopishana isizidi 0.1 ya sentimita ya ujazo, yangu yalipishana zaidi ya moja nzima. Nikazipika namba, nini kingine. Nikapita, na mwaka uliofuata jina langu likabandikwa getini na mimi, na nina uhakika kuna mzazi alisimama pale akalisoma akashawishika kulipa ada.

Kwaiyo yale matokeo ya kwenye bango mi nayasoma taratibu sasa hivi. Shule ikichukua watoto waliokuja na alama za juu tupu, ikatoa alama za juu, hapo shule yenyewe imefanya nini hasa? Swali la maana ni walioingia na alama za kawaida walitoka na nini, na hilo ukiuliza utaona mwalimu wa taaluma anajiweka sawa kwenye kiti. Lingine, uliza mwaka wa kwanza walianza wangapi na waliokaa mtihani wa mwisho walikuwa wangapi. Walianza mia na ishirini wakafanya themanini, hao arobaini wako wapi? Wengine kweli wamehama, wengine wameugua, ila kuna mahali wanaoonekana watachafua wastani wanaonyeshwa mlango kimyakimya. Na si shule za uchochoroni tu, Uingereza mwaka 2017 kuna shule moja inayosifika kwa matokeo iliwaambia wanafunzi wa A-level ambao mtihani wa mwaka wa kwanza haukufika kiwango wasirudi mwaka wa mwisho, wazazi wakaenda kwa wanasheria, shule ikarudi nyuma watoto wakarudishwa darasani. Hao ni waliokuwa na wazazi wa kupambana.

Haya, jumamosi ya kwanza. Shule ya bango. Vigae vinang'aa, projekta kila darasa, mpwa wangu keshapenda, ananinong'oneza mjomba umeona basi lao? Nimeliona. Nikaomba kuona maabara. Ufunguo anao mtu fulani, mtu fulani katoka kidogo. Tukakaa dakika arobaini. Kufunguliwa, harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi, mi naijua, maabara inayotumika inanuka kemikali na gesi na watoto, hii ilinuka vumbi. Bureti ziko kwenye maboksi yake na sponji lake, mpya kabisa, nikahesabu maboksi na picha nikapiga. Nikafungua bomba la sinki la kwanza likakohoa hewa, la pili likakohoa hewa, mwalimu wa taaluma akasema leo maji yamekatika. Sawa, yanakatika kila mahali. Nikauliza praktiko mnafanya lini, akasema kwa fahari kabisa kwamba miezi miwili ya mwisho wanazifanya zote mfululizo. Zote!

Ila kilichonimaliza ni daftari. Kuna kijana wa mwaka wa pili alikuwa anatuzungusha, mtoto mwenye adabu, nikamwomba nione daftari lake la praktiko. Majaribio kumi na nne, tarehe zake zote ndani ya wiki tatu, kalamu ile ile, na lile jaribio la pendulamu, lile la kupima mchapuko wa mvutano wa dunia, yani kitu kikianguka mwendo unaongezeka kiasi gani kila sekunde, kwa uzi na kidude cha madini ya risasi kinachoning'inia, jibu lake ni 9.81. Nikamwomba na mwenzake. 9.81. Wa tatu, 9.81. Ndugu zangu, hakuna mtoto anayening'iniza risasi kwenye uzi, akahesabu mizunguko kwa saa ya mkono, akapata 9.81 safi, tena watoto watatu. Hiyo wamekopi kitabuni. Sikuwaambia kitu kwa sababu si kosa lao, na mimi ni nani, katibu mstaafu.

Shule ya pili siisemei sana, maabara nzuri, mwalimu wa fizikia hayupo tangu mwanzo wa mwaka, wanafunzi wenyewe ndo walituambia, ofisini tuliambiwa yupo. Hapo kuna somo moja tu, maswali ya walimu waulize wanafunzi, na uwaulize mkiwa wenyewe: nani anawafundisha hesabu, alianza lini, kabla yake alikuwa nani. Wakikutajia walimu watatu kwa mwaka mmoja ondoka.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa macho. Rangi imebanduka, meza za maabara zimechorwa majina ya watu ambao saa hizi wana wajukuu. Tumefika tukamkuta mzee wa maabara anaosha vyombo, jumamosi hiyo, mikono mpaka kwenye viwiko imo kwenye sinki. Nikamwamkia shikamoo akaitikia bila kugeuka, akasema jana walikuwa na kemia, bado wanajifunza kumwaga. Nusu ya bureti zina nyufa zimefungwa kwa gundi juu, ila nikamuuliza wanashika wangapi kwa moja akasema wawili, na wiki inayofuata wanabadilishana aliyekuwa anaandika anashika. Sijui kwa nini sentensi hiyo ilinigusa kiasi kile. Najua kwa nini.

Nikaomba daftari. Pendulamu: 9.4. La mwenzake: 10.3. Na kwenye ile 9.4 kuna wino mwekundu wa mwalimu umeandika hivi, "ulipima uzi mpaka wapi wa risasi?" Nikacheka peke yangu. Kwa sababu ndo penyewe, urefu unapimwa mpaka katikati ya ile risasi, huyu mtoto aliishia pale uzi ulipofungwa, urefu ukapungua, jibu likashuka. Na pembeni kwa penseli mtoto kaandika hesabu upya akapata 9.7. Hiyo ndo sayansi yenyewe bwana, ukurasa mmoja tu. Tarehe za majaribio zimesambaa mwaka mzima, kuna ukurasa umemwagikiwa kitu cha kahawia. Mpwa wangu akauliza mjomba mbona majibu yao wamekosa? Nikamwambia tutaongea kwenye gari.

Kwenye gari tukaongea zaidi kombi, yani mchanganyo wa masomo atakayosoma. Yeye anataka udaktari, kwaiyo fizikia kemia baiolojia, ndo PCB, na sababu ya pili aliyoificha kidogo ni kwamba anaikimbia hesabu. Nikamwambia hesabu haikimbiliki. Ukifika kwenye pH, kile kipimo cha uasidi, kuna logi imekusubiri, nusu maisha ya vitu vya nyuklia ni logi hiyo hiyo, mwendo kwenye fizikia bila kalkulasi unabaki kukariri fomula kama mashairi. Kwaiyo shule nzuri ya PCB lazima uiulize, hawa wasiochukua hesabu kamili mnawapa hesabu gani, nani anafundisha, vipindi vingapi kwa wiki. Na kabla ya shule anza na chuo: uhandisi karibu kote wanataka hesabu na fizikia, udaktari kemia karibu haikwepeki na mara nyingi na baiolojia, kompyuta watu wanadhani ni kujua kubonyeza kumbe wanataka hesabu. India mtihani wa kuingia udaktari, NEET, ni fizikia kemia na baiolojia, ule wa uhandisi, JEE, baiolojia inatoka inaingia hesabu, yani ukichagua kombi umeshachagua mlango. Mfumo wa IB, ile diploma ya kimataifa, walau una masomo sita na kwa kawaida matatu ndo unayasoma kwa kina, unabaki na pa kupumulia kidogo. Afu hakikisha kombi iliyoandikwa kwenye fomu ipo kweli, kuna shule kombi zipo kumi kwenye karatasi na walimu wa kombi nne.

Tuisheni nayo. Shule ikikwambia watoto wetu wote wanaenda tuisheni nje na inasema kama sifa, jiulize mchana wanafanya nini. Huko India kuna mji unaitwa Kota umejengeka kwa vituo vya kuwanoa watoto kwa mitihani hiyo niliyoitaja, na imefika mahali kuna shule mtoto anaandikishwa jina tu, hahudhurii, anashinda kwenye kituo. Anaweza akafaulu, sikatai. Ila bureti atashika lini?

Mambo ya bweni sina mengi. Angalia kama taa za kusomea zinawaka, kama maji yapo, kama kuna muda wa kulala ulioandikwa na unafuatwa, maana kuna shule zinajisifu watoto wanapiga msuli mpaka saa nane usiku, alfajiri washaamka, mi hapo naona ugonjwa tu. Kama ni kutwa pima muda wa njiani, saa mbili kwenda saa mbili kurudi ni saa nne za kila siku ambazo zingekuwa diskasheni na wenzake, na sayansi ya advansi bila diskasheni ni ngumu, topiki kama kemia ogani mwenzako anakuelewesha kwa dakika kumi kitu ulichokitazama ubaoni wiki nzima. Shule ya nne ilikufa kwa hilo, nzuri lakini mbali, hatujaingia hata maabara.

Dadaangu hakufurahi. Nilimpelekea picha za shule ya tatu akauliza hii ni shule au gofu. Tukabishana siku mbili, nikamtumia picha za madaftari, zile 9.81 tatu na ile 9.4 yenye wino mwekundu, hakuelewa chochote, ila mpwa wangu ndo akamwelezea mpaka ile ya katikati ya risasi, nikajua keshachagua mwenyewe.

Kaenda. Likizo ya kwanza karudi na vidole vina madoa ya kahawia karibu nyeusi, mama yake kamsugulia sabuni, kamsugulia limau, hayatoki, kanipigia analalamika wanawafanyisha nini huko. Ni silva naitreti, inapakaa ngozi afu mwanga unaikoleza, itaisha yenyewe baada ya siku kadhaa ngozi ikijibadilisha, avae glavu siku nyingine. Nikamwomba anipe binti niongee naye. Nikamuuliza nani alikuwa anashika na nani alikuwa anaandika. Akaniambia mjomba wiki hiyo nilikuwa nashika mimi, hata hivyo nilimwagia nusu mezani, na halafu akaanza habari za hesabu kwamba mwalimu wake anaenda mbio, kuna kitu kinaitwa intigresheni hakielewi hata kidogo, na kama naweza kumwelekeza kwa simu. Ndo nimetoka kutafuta notsi zangu za zamani sasa hivi, mwandiko angalau ni mzuri.